Ralph Bunche: Mwanafunzi wa Kiswahili Aliyewaongoza Walinda Amani wa Dunia

Utangulizi

Katika historia ya juhudi za mashirika ya kimataifa za kudumisha amani duniani, ni wachache waliotenda makubwa kama Ralph Johnson Bunche. Hata hivyo, jina lake halisikiki sana katika kumbi za mihadhara za Afrika Mashariki. Mmarekani huyu mweusi alishiriki kuuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, akawapatanisha Waarabu na Waisraeli mwaka 1949, akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1950, kisha akasimamia vikosi vya walinda amani Misri, Kongo na Saiprasi. Jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulijua ni kwamba Bunche alijifunza lugha hii mjini London mwaka 1937, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta.

Miaka 23 baadaye, mwalimu na mwanafunzi walikuwa katika hali mbili zinazopingana. Mwaka 1960, Bunche alikuwa Leopoldville akipokea majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliyokuwa yakimiminika Kongo kwa ndege. Wakati uo huo, Kenyatta alikuwa Lodwar, katika jua kali la Turkana, akizuiliwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza. Shirika lililoweza kuvuka bahari na kutia majeshi Kongo kwa muda wa siku chache halikuwa na uwezo wa kisheria wa kumfungulia mlango mzee mmoja wa Lodwar. Makala haya yanafuatilia maisha ya Bunche kwa nia ya kubainisha chanzo cha tofauti hiyo, na kuipima kazi ya mashirika ya kimataifa kwa mizani ya Turkana yenyewe, yaani Lodwar, Kakuma na Kapedo.

Malezi na Elimu

Bunche alizaliwa tarehe 7 Agosti, mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Detroit, jimbo la Michigan. Baba yake alikuwa kinyozi. Familia ilikuwa ya kipato cha chini, na mwaka 1917 mama yake alifariki. Tangu hapo alilelewa na nyanya yake mzaa mama, Lucy Taylor Johnson, mjini Los Angeles. Bibi huyu alikuwa na msimamo mkali kuhusu heshima ya mtu mweusi na thamani ya elimu, na wote walioandika maisha ya Bunche wanakubaliana kwamba yeye ndiye aliyeyajenga maadili ya mjukuu wake.

Masomoni Bunche alikuwa hodari. Alihitimu Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1927 akiwa kinara wa darasa lake, huku akicheza mpira wa kikapu. Aliendelea Harvard, akapata shahada ya uzamili mwaka 1928 na ya uzamifu mwaka 1934. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamifu katika sayansi ya siasa nchini Marekani. Aidha, tangu mwaka 1928 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na ndiye aliyeasisi idara ya sayansi ya siasa huko.

Tasnifu yake ya Harvard inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu swali lake ndilo lililomwandama maisha yote. Bunche alisafiri hadi Afrika Magharibi kulinganisha utawala wa Ufaransa katika nchi mbili jirani, Togo na Dahomey, ambayo leo huitwa Benin. Dahomey ilikuwa koloni la kawaida. Togo ilikuwa imenyang'anywa Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza na kuwekwa chini ya uangalizi wa Ushirika wa Mataifa, shirika lililotangulia Umoja wa Mataifa. Je, uangalizi huo wa kimataifa ulimfaidi Mwafrika wa kawaida? Bunche aligundua kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno. Mtawala alikuwa yule yule na sera zilikuwa zile zile. Taarifa zilizopelekwa Geneva ziliandikwa na mtawala mwenyewe, na Mtogo hakuwa na njia ya maana ya kujieleza. Kwa hakika, mtu aliyekuja kuwa mtumishi mkubwa wa mashirika ya kimataifa alianza kazi yake kwa kuonyesha upungufu wa shirika la kimataifa.

London, Kiambu na Lugha ya Kiswahili

Kati ya mwaka 1936 na 1938, Bunche alipata ufadhili wa kujifunza mbinu za utafiti wa kianthropolojia ili aendelee kuchunguza makoloni. Ufadhili huo ulimpeleka London kwa Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia mashuhuri. Miongoni mwa wanafunzi wa Malinowski alikuwamo Kenyatta, aliyekuwa akiandaa kazi iliyochapishwa mwaka 1938 kwa jina la Facing Mount Kenya. Kenyatta aliishi London kwa shida ya fedha, na Bunche alihitaji lugha ya kumfaa katika safari aliyokusudia kuifanya Afrika Mashariki. Ndipo wawili hao walipoanza masomo ya Kiswahili. Kwa Bunche, lugha ilikuwa chombo cha utafiti, kwani alikuwa ameona Togo na Dahomey jinsi taarifa zinavyopotoka zinapopitia kinywa cha mtawala peke yake.

Baada ya kuzuru Afrika Kusini, Bunche aliwasili Kenya mwanzoni mwa mwaka 1938. Alikaribishwa Kiambu na Chifu Koinange, ambaye mwanawe, Peter Mbiyu Koinange, alikuwa amefahamiana naye ng'ambo. Alihudhuria mabaraza, akapiga picha za sherehe za jando, na akasikiliza malalamiko kuhusu mashamba yaliyotwaliwa na walowezi. Wenyeji walimpa jina la Karioki, lenye maana ya mtu aliyefufuka au aliyerejea, kwa kuwa walimwona kama mwana wa watu waliochukuliwa utumwani ambaye sasa amerudi nyumbani. Safari hiyo ilizaa makala mawili katika jarida la historia ya watu weusi nchini Marekani, moja la mwaka 1939 kuhusu suala la ardhi nchini Kenya jinsi lilivyoonwa na chifu wa Kikuyu, na jingine la mwaka 1941 kuhusu jando. Suala la ardhi aliloliandika ndilo lililokuja kuwasha moto wa Mau Mau miaka 13 baada ya makala ya kwanza kuchapishwa.

Kuandika Mkataba

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, serikali ya Marekani ilimhitaji mtaalamu wa masuala ya Afrika. Bunche alijiunga na idara ya ujasusi mwaka 1941, kisha akahamia wizara ya mambo ya nje mwaka 1944. Mwaka 1945 alikuwa San Francisco, ambako mataifa 50 yalikutana kuuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mchango wake mkubwa umo katika Sura ya 11 na ya 12, zinazohusu nchi ambazo hazikuwa zinajitawala.

Mafunzo ya Togo yalionekana hapo. Chini ya Sura ya 12, nchi za udhamini ziliwekwa chini ya Baraza la Udhamini, lililokuwa na haki ya kutuma wajumbe kwenda kuzikagua na kupokea malalamiko ya wenyeji moja kwa moja. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi hizo, na ndiyo maana mwaka 1955 Julius Nyerere aliweza kusimama mbele ya Baraza hilo mjini New York kuitetea nchi yake. Kenya, kwa upande mwingine, ilikuwa koloni tupu. Iliangukia Sura ya 11, ambayo iliyataka madola ya kikoloni kupeleka taarifa tu, nazo taarifa zenyewe hazikuhusu siasa. Juu ya hayo, Ibara ya 2 ya Mkataba ilikataza Umoja wa Mataifa kuingilia mambo ya ndani ya nchi. Mataifa makubwa hayangekubali zaidi ya hapo.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa tofauti iliyotajwa katika utangulizi. Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria Aprili 1953, akafungwa Lokitaung, kaskazini ya mbali ya Turkana, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Machoni pa sheria ya kimataifa ya wakati huo, hayo yalikuwa mambo ya ndani ya Uingereza. Mpaka kati ya Tanganyika na Kenya, uliochorwa na wakoloni, uligawa pia haki ya kusikilizwa na dunia.

Rhodes, 1949

Bunche alijiunga na sekretarieti ya Umoja wa Mataifa mwaka 1946. Mwaka 1948 alipelekwa Palestina kuwa msaidizi wa mpatanishi, Count Folke Bernadotte wa Uswidi. Tarehe 17 Septemba mwaka huo, Bernadotte aliuawa kwa risasi mjini Jerusalem. Bunche alipaswa kuwa pamoja naye, lakini alicheleweshwa njiani. Alirithi kazi ya upatanishi siku iyo hiyo.

Mazungumzo yalianza Januari 1949 katika kisiwa cha Rhodes. Mbinu alizotumia zinafaa kuchunguzwa na kila anayetaka kuelewa upatanishi. Kwanza, hakuwakusanya wahasimu wote pamoja. Alizungumza na nchi moja moja dhidi ya Israeli, akianza na Misri, kwa kuwa Misri ikikubali, wengine wangefuata. Pili, alianza na mambo madogo yasiyo na ubishi, ili wajumbe wazoee kukubaliana kabla hawajafika penye miiba. Tatu, aliweka kila neno kwenye maandishi, na rasimu nyingi aliziandika kwa mkono wake usiku kucha. Nne, alitumia ucheshi. Inasimuliwa kwamba aliagiza sahani za ufinyanzi wa Rhodes za kuwazawadia wajumbe, na mazungumzo yalipokwama aliwaonyesha sahani hizo na kuwatania kwamba wasipokubaliana atawavunjia vichwani.

Misri na Israeli zilitia saini tarehe 24 Februari 1949. Lebanoni ilifuata Machi, Jordan Aprili, na Syria Julai. Mwaka uliofuata Bunche alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Alitaka kuikataa, kwa hoja kwamba mtumishi wa Umoja wa Mataifa hafanyi upatanishi ili atuzwe, lakini Katibu Mkuu Trygve Lie alimshawishi aipokee.

Hata hivyo, mikataba ya Rhodes ilikuwa ya kusimamisha mapigano. Ilitarajiwa kuwa daraja la kuvukia kwenye amani ya kudumu. Daraja lilijengwa, lakini wahasimu hawakulivuka, na Wapalestina waliofukuzwa makwao walibaki wakimbizi. Mafanikio makubwa kuliko yote ya Bunche yalibeba ndani yake upungufu ambao mashirika ya kimataifa hayajauponya hadi leo.

Walinda Amani: Suez na Kongo

Mwaka 1956, Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliivamia Misri baada ya mfereji wa Suez kutaifishwa. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, kwa wazo lililopendekezwa na Lester Pearson wa Kanada, alimkabidhi Bunche kazi ya kuunda kikosi cha kwanza cha kijeshi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani. Hapakuwa na mfano wa kuigwa. Sare, chakula, usafiri na sheria za matumizi ya silaha vilipangwa kwa siku chache. Askari walivalishwa kofia za rangi ya samawati ili watambulike kwa mbali. Masharti yaliyowekwa wakati huo ndiyo yanayofuatwa na vikosi vingi hadi leo: ridhaa ya wenyeji, kutopendelea upande wowote, na kutumia silaha kwa kujihami tu.

Masharti hayo yalitikiswa Kongo. Bunche alifika Leopoldville kuhudhuria sherehe za uhuru za tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wa Kongo waliasi dhidi ya maafisa wao wa Kibelgiji, Ubelgiji ikatuma majeshi bila idhini, na jimbo la Katanga chini ya Moïse Tshombe likatangaza kujitenga. Rais Joseph Kasavubu na Waziri Mkuu Patrice Lumumba waliuomba Umoja wa Mataifa msaada. Baraza la Usalama liliridhia tarehe 14 Julai, na Bunche akawa msimamizi wa operesheni ambayo hatimaye ilifikia takribani askari 20,000.

Lumumba alitarajia majeshi hayo yaiingie Katanga na kuirudisha nchi mkononi mwa serikali halali. Bunche alifungwa na amri ya kutotumia nguvu na kutoingilia siasa za ndani. Mwanzoni mwa Agosti alikwenda Elisabethville, na alipoona hatari ya kumwagika damu alishauri majeshi yasubiri. Uhusiano wake na Lumumba ulivunjika. Kwa Lumumba, kutopendelea upande kulikuwa sawa na kumpendelea Tshombe. Bunche aliondoka Kongo mwishoni mwa Agosti akiwa amechoka. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, huku nchi imejaa majeshi ya Umoja wa Mataifa aliyoyaita mwenyewe. Septemba mwaka uo huo Hammarskjöld naye alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola. Katanga ilirejeshwa mwanzoni mwa mwaka 1963, baada ya majeshi hayo kuruhusiwa kutumia nguvu.

Wapo wanaomlaumu Bunche kwa yaliyompata Lumumba, na lawama hiyo ina uzito. Alifanya kazi chini ya Baraza la Usalama ambamo Marekani na Urusi ya Kisovieti zilivutana kila neno, na hofu ya nchi yake kuhusu ukomunisti haikuwa mbali na meza yake. Hata hivyo, ingekuwa si haki kumtwika mtumishi mmoja kosa la madola. Aliyepewa fimbo ya kuegemea hawezi kuitumia kama mkuki.

Miaka ya Mwisho

Bunche aliendelea kulitumikia shirika hilo akiwa na cheo cha juu kilicho chini ya Katibu Mkuu peke yake. Alishughulikia Yemen mwaka 1963, na Saiprasi kuanzia mwaka 1964. Nchini mwake, tuzo zote hizo hazikumwondolea adha ya ubaguzi. Mwaka 1949 alikataa wadhifa mkubwa katika wizara ya mambo ya nje kwa kuwa hakutaka familia yake iishi tena Washington iliyokuwa na ubaguzi. Mwaka 1954 alihojiwa kwa tuhuma za ukomunisti, akaonekana hana hatia. Mwaka 1965, ingawa afya yake ilikuwa imedhoofika, aliandamana na Martin Luther King kutoka Selma kuelekea Montgomery kudai haki ya kupiga kura.

Pigo la mwisho lilikuja Mei 1967. Misri ilitaka kikosi cha Umoja wa Mataifa kiondoke katika ardhi yake. Kwa kuwa msingi wa kikosi hicho ulikuwa ridhaa ya mwenyeji, kiliondolewa. Tarehe 5 Juni vita vililipuka. Kazi ya miaka kumi ilibomoka kwa siku sita. Bunche, aliyekuwa akiugua kisukari na kupoteza uwezo wa kuona, alistaafu mwaka 1971 na akafariki mjini New York tarehe 9 Desemba mwaka huo.

Urithi Wake kwa Mizani ya Turkana

Turkana inaweza kuonyesha vyema uwezo wa mashirika ya kimataifa na ukomo wao. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana na familia waliokimbia vita vya Sudan, chini ya usimamizi wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, kwa upatanishi wa jumuiya ya kikanda ya IGAD, na wakimbizi wengi wakarudi kwao. Desemba 2013 vita vilizuka upya Sudan Kusini ingawa kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa huko tangu mwaka 2011, na Kakuma ikafurika tena. Kambi iliyokusudiwa kuwa ya muda imepita miaka 30, na idadi ya wakazi wake, pamoja na wa Kalobeyei, imezidi 200,000. Ni Rhodes iliyojirudia: mapigano husimamishwa, lakini kiini cha ugomvi huachwa. Mwaka 2025, mgao wa chakula kambini ulipopunguzwa sana kwa sababu ya uhaba wa michango ya nchi wafadhili, ilidhihirika kwamba hata posho ya mkimbizi hutegemea hiari ya madola.

Kapedo inasimulia hali nyingine. Kituo hiki chenye chemchemi za maji moto kimo mpakani mwa Turkana na Baringo, na Waturkana na Wapokot wamekizozania kwa miaka mingi kwa sababu ya mpaka, malisho na mifugo. Mwishoni mwa Oktoba 2014 maafisa wengi wa usalama waliuawa huko kwa kuviziwa, na operesheni iliyofuata iliwafanya wakazi kuyahama makazi yao. Januari 2021 afisa mwandamizi wa polisi aliuawa vilevile. Hakuna kofia ya samawati iliyowahi kulinda lindo Kapedo, kwa maana sheria ya kimataifa huyahesabu haya kuwa mambo ya ndani ya Kenya, kama ilivyokihesabu kizuizi cha Lodwar mwaka 1960 kuwa jambo la ndani la Uingereza. Tofauti ni kwamba Lodwar ya leo ni makao makuu ya kaunti yenye viongozi waliochaguliwa na wenyeji. Jukumu lililomshinda Bunche kisheria limo mikononi mwa serikali, wazee na vijana wa jamii hizo mbili. Mbinu za Rhodes hazihitaji azimio la Baraza la Usalama ili zitumike chini ya mti wa mkutano: kuanza na madogo, kuandika yaliyokubaliwa, na kumsikiliza kila mmoja kivyake.

Hitimisho

Maisha ya Bunche yanathibitisha kwamba mashirika ya kimataifa yana uwezo wa kweli, lakini wa kuazimwa. Madola yanapokubali, vita husimama na watu huokolewa. Madola yanapokataa, shirika hubaki na mikono mitupu, awe anayeteseka ni Lumumba, Kenyatta au mkimbizi wa Kakuma. Aidha, kusimamisha vita na kuleta haki ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kuna funzo la ziada. Bunche alitambua mapema kwamba anayetaka kuwaelewa watu hana budi kuijua lugha yao. Tangu mwaka 2002, Radio Okapi, iliyoanzishwa chini ya kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, imetangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za nchi hiyo, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wataalamu wa lugha hii wanahitajika penye mikutano ya upatanishi, tangu Goma hadi Kakuma, kwa kuwa mkataba usioeleweka na wanaouishi hauwezi kudumu. Mwanafunzi wa Kenyatta aliliona hilo mwaka 1937, na Umoja wa Mataifa umechukua miaka mingi kumfikia.